Masika ya Filamu Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Imenikuta darasani nikiwafundisha jiografia kidato cha tatu, na mabati yakapiga kelele hata nikaona heri niandike ubaoni tu. Kuna msichana wa dawati la nyuma ambaye wenzake wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Akanong'ona, na mnong'ono wake unasikika mpaka ofisini: "Leo Mama Filimbi kapata wa kumzidi sauti." Mama Filimbi ni mimi, makamu mkuu wa shule, msimamizi wa nidhamu. Nimemtoa nje. Nje kulikuwa na mvua, kwa hiyo nikamrudisha ndani. Darasa zima limecheka.

Nyumbani nimemkuta Baba na Shangazi mbele ya televisheni wanatazama filamu ya watoto wa shule. Shangazi ni mdogo wake Baba. Alihamia kwetu mwaka jana, Baba alipoanza kupotewa na kumbukumbu, ili akae naye ninapokuwa kazini.

"Kuna nini hapa?" nikauliza.

"Kuna raha," akasema Shangazi. "Kaa."

Sikukaa. Nina madaftari ya kusahihisha.

Jumanne, 5 Machi

Filamu ile ile. Nilidhani ni sehemu ya pili.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemuuliza Shangazi kwa nini hawabadilishi.

"Nibadilishe ya nini? Kaka hakumbuki kama ameiona. Kila siku kwake ni mpya. Unamjua tajiri gani anayeletewa filamu mpya kila siku?"

"Na wewe je? Wewe si unaikumbuka?"

"Ndiyo maana naipenda. Mimi kwa umri huu sina tena moyo wa kushtushwa."

Jumapili, 10 Machi

Shangazi amekwenda kumjulia hali rafiki yake, nikabaki na Baba. Akadai "ile ya watoto". Jina la mjukuu wake limemtoka, chai aliyokunywa sasa hivi imemtoka, lakini kwamba kuna ya watoto anajua. Basi nimeitazama yote, kwa mara ya kwanza na, nilidhani, ya mwisho.

Hadithi yenyewe ungeweza kuieleza ukiwa unafunga kamba za viatu. Kijana mgeni mwenye masikio makubwa anaingia shule mpya na kudanganya kuwa baba yake ni mwalimu maarufu wa dansi. Wanafunzi walioshindikana wanamfanya kiongozi wa kikundi chao. Hajui kucheza hata hatua moja. Kuna kiranja mkali anayempenda kimya kimya, na mwalimu mkuu wa kike mwenye shada la funguo kiunoni ambaye ameapa kukivunja kikundi. Siku ya tamasha kila kitu kinaharibika, kisha kila kitu kinatengemaa, na mwalimu mkuu mwenyewe anapanda jukwaani kucheza. Wote wanacheza. Mwisho.

Nilikuwa nacheka kwa dharau mpaka pale kijana huyo, ambaye Baba anamwita Masikio, anapoteleza kwenye paa la bwalo. Baba akasimama. Baba hasimami siku hizi bila kushikwa mkono.

"Nipe funguo za gari," akasema.

Baba alikuwa dereva wa gari la wagonjwa miaka thelathini.

"Hajaumia, Baba. Amedondokea magodoro. Tazama, anasimama."

Akatazama. Masikio akasimama, akajipangusa, manyoya ya mto yamemjaa kichwani. Baba akakaa polepole, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Akacheka mpaka akakohoa.

"Amesimama," akaniambia, kama vile mimi sikuona.

Jumamosi, 16 Machi

Kaka yangu amepiga simu. Anakaa mji wa mbali, ana nyumba kubwa na kazi kubwa ya ujenzi wa madaraja. Anataka kumchukua Baba muhula ukiisha. Ametenga chumba cha chini kisicho na ngazi, ametafuta na muuguzi.

"Wewe umefanya sehemu yako," akasema. "Sasa pumzika."

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia: nilipokata simu nilijinyoosha kitandani mchana kweupe, viatu miguuni, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Filamu. Uji umeungua.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemnasa Redio wakati wa kujisomea, kitabu cha historia kimesimama wima na ndani yake simu. Nikainyang'anya. Kwenye kioo alikuwapo Masikio, amevaa kanzu ya mpishi, anajificha kiranja asimwone. Nilikuwa nimeshaanza hotuba yangu ya kawaida, ikanikwama.

Nikamwita ofisini. "Filamu hii umeitazama mara ngapi?"

"Nyingi, mwalimu."

"Na mwisho wake unaujua."

"Naujua."

"Sasa unatazama nini?"

Nilimuuliza kwa sauti ya makamu mkuu, lakini nadhani alisikia kuwa nataka kujua kweli, maana hakuleta mzaha. Akautazama mlango.

"Kwetu nyumbani, mwalimu, mlango ukifunguliwa hujui mtu ameingia na sura gani. Mle ndani kila mlango unaofunguliwa najua nani anaingia na atasema nini. Napumzika."

Miaka yote nimemwona huyu mtoto kama kelele tu. Sheria ni simu kukaa kwangu mpaka mwisho wa muhula. Nimemrudishia jioni ile ile, nikamwambia iwe mara ya mwisho. Nikamwambia pia kwamba mlango wa ofisi yangu ukifunguliwa atanikuta mimi, na sura yangu ni hii hii siku zote. Akasema, "Hiyo kweli, mwalimu." Sijui kama lilikuwa tusi.

Jumatatu, 1 Aprili

Dhoruba. Umeme umekatika tangu mchana, nguzo imelala barabarani. Ilipofika saa yao ya filamu Baba alianza kuzungukazunguka sebuleni, anashika kiti, anaachia, anashika meza.

"Wale watoto wamefika kwao?"

"Wamefika, Baba."

"Nani kawapeleka? Barabara ina maji."

Hakuna jibu lililomtosha. Mwisho Shangazi akanitazama. "Wewe si mwalimu? Msimulie."

Nikamsimulia. Nilianza kama nasoma ratiba, Shangazi akawa ananikosoa: hapo umeruka, hapo kiranja anabetua mdomo kwanza, hapo Masikio anasema "nilikuwa napita tu". Nikajikuta naigiza. Nilipofika kwa mwalimu mkuu sikuhitaji kuigiza sana, nilisema kwa sauti yangu. Baba akanisikiliza, kichwa upande.

"Yule mwalimu si mbaya," akasema. "Amechoka tu."

Nikaenda jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa imebandikwa.

Jumanne, 9 Aprili

Leo Baba ameniita "mwalimu" kutwa nzima. Kwa adabu kabisa. Ameniuliza kama wazazi wangu wako hai.

Nimemjibu kuwa baba yangu yupo.

"Mtunze," akasema.

Jumatano, 10 Aprili

Hakuna la kuandika. Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili

Nisipoandika leo, kesho nitaisimulia siku hii vingine.

Saa ya chakula cha mchana Shangazi alipiga simu, hakusalimia. "Baba yako hayupo." Alitoka kuanua nguo kabla mvua haijazilowesha, aliporudi kiti kitupu na mlango wazi. Viatu vya Baba vilikuwa mahali pake.

Nikatoka kama nilivyo, bila mwavuli. Mvua ya leo haikuwa ya kunyesha, ilikuwa ya kumwagwa. Nimekwenda dukani anakopenda kusalimia, hayupo. Nikaenda kituo cha mabasi, nikamuuliza kila muuza magazeti: mzee mrefu, hana viatu. Hayupo. Nikakimbia mpaka hospitali, kwenye kibanda cha madereva wa magari ya wagonjwa, nikiamini moyoni kuwa ndiko. Madereva vijana hawamjui, lakini mmoja aliwasha gari akazunguka nami mitaa yote ya chini, kwenye mtaro uliofurika. Kwenye mtaro nilifumba macho. Nilimwachia yeye atazame, akasema, "Hakuna kitu, mama," ndipo nikafumbua.

Ninajua nilichokuwa nawaza, nami nitakiandika. Niliwaza kuwa nilijinyoosha kitandani na viatu vyangu nikifurahi kwamba atachukuliwa. Basi amechukuliwa.

Dereva akanirudisha shule ili niombe watu zaidi wa kutafuta. Nilipopita langoni mlinzi akasema, "Mgeni wako yuko bwaloni, mwalimu. Alisema amekuja kwenye tamasha, nami nikaona umri wake si wa kubishana nao."

Bwaloni kulikuwa na kelele. Nikafungua mlango.

Kidato cha tatu chote kilikuwa mle, darasa lao lilikuwa linavuja. Katikati, kwenye kiti changu cha kusimamia mitihani, alikaa Baba. Amevishwa sweta ya shule isiyomfika kiunoni, amefungwa kitenge cha mpishi miguuni, miguu yenyewe imo kwenye ndala za rangi ya waridi, mkononi kikombe cha chai. Na mbele yake watoto walikuwa wanacheza ile filamu. Walikuwa wamesogeza meza, wamerundika mifuko na sweta badala ya magodoro, na mvulana mfupi kuliko wote alikuwa amejifungia vifuniko viwili vya sufuria masikioni kwa kamba.

Nimeambiwa baadaye ilivyoanza. Baba aliingia ameloa chapachapa, akauliza, "Masikio yuko wapi? Leo si ndiyo siku yenu?" Wachache wakaanza kucheka. Redio akawageukia akawaambia watakaocheka watamjua. Kisha akamshika Baba mkono akasema, "Yuko njiani, Babu. Kaa kwanza ukauke."

Nikasimama mlangoni, maji yananichuruzika. Mvulana mwenye vifuniko akapanda meza, akateleza kwa makusudi, akaanguka kwenye rundo la sweta kwa kishindo kikubwa kuliko alivyotaka. Baba akainuka, chai ikamwagika.

Redio alikuwa ameshafika kando yake. "Hajaumia, Babu. Mtazame. Anasimama."

Mvulana akasimama. Baba akacheka kile kicheko chake.

Kisha ikafika ngoma ya mwisho. Walipiga meza, wakaimba, wakapanga mistari, na Baba akawa anageuza shingo kutafuta kitu. "Bado," akasema. "Mwalimu hajaja. Haiishi bila mwalimu."

Nao wakaanza kugeuza shingo. Halafu mmoja mmoja wakaniona.

Mimi sijacheza mbele ya watu tangu harusi ya Kaka, na hata huko nilicheza nimekaa. Nina presha, nina filimbi shingoni, na nusu ya watoto wale nimewahi kuwapigisha magoti. Nilimtazama Baba. Alikuwa ananingoja kwa uso wa mtu mwenye uhakika kabisa kwamba nitakuja.

Nikaenda katikati nikacheza.

Walicheka, sitawasingizia utakatifu. Lakini walicheka kama watu wanaocheka na ndugu yao, na Redio akaja upande wangu akawa ananionyesha hatua chinichini: kushoto, kushoto, zunguka. Baba alipiga makofi mpaka mwisho. Ndipo akasema kuwa amechoka, na kama kuna gari lielekealo kwao angeshukuru.

Yule dereva kijana alikuwa bado yuko nje. Ametupeleka nyumbani na gari la wagonjwa, na Baba amekaa mbele.

Nilimuuliza Redio alijuaje kumwambia vile pale mvulana alipoanguka.

"Nilimwona uso, mwalimu," akasema.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilijiandaa kwa minong'ono. Hakuna aliyesema neno. Asubuhi walikuwa wameshapanga mistari kabla sijapiga filimbi.

Wakati wa kutoka, Redio akapita karibu yangu. "Mwalimu, pale mwisho mguu wa kulia ndio unaanza."

Nimemwambia achomekee shati.

Jumamosi, 27 Aprili

Shangazi ana mdomo. Amemweleza Kaka habari za kupotea, na Kaka amenipigia.

"Umezunguka kwenye mvua na presha yako. Angeingia mtaroni je? Na kutwa unamwekea sinema ya watoto, kama vile yeye ni mtoto."

"Wewe umemwekea nini?" nikamuuliza.

Lilikuwa neno baya, na ubaya wake ni kwamba kuhusu mtaro alikuwa anasema kweli. Atakuja muhula ukifungwa, amesema, na uamuzi ni ule ule.

Nimetafuta ule wepesi nilioupata mwezi wa tatu. Sijauona.

Jumapili, 5 Mei

Tulikuwa tunamenya viazi, Shangazi na mimi. Nikamwambia kuwa zamani nilikuwa nawaambia wanafunzi filamu za furaha ni kama pipi, zinaozesha akili.

"Baba yako alikuwa akirudi kazini haingii ndani," akasema. "Anakaa kwenye ngazi. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani anapunga upepo. Alikuwa anangoja uso wake urudi, asije akaingia na ule wa kazini. Siku nyingine anakaa sana. Hakuwahi kutusimulia nani alifika na nani hakufika." Akatupa ganda. "Miaka thelathini ya kubeba walioanguka. Sasa kapata mmoja anayesimama kila siku. Mwache amtazame."

Ijumaa, 17 Mei

Balaa. Diski imechubuka. Inakwama pale pale Masikio anapoteleza, na leo kijana wa watu amebaki hewani, miguu juu, kati ya paa na magodoro. Baba alikataa kukaa. Shangazi akaifuta diski kwa kanga, kwa pamba, kwa dua. Masikio hewani.

Jumamosi, 18 Mei

Nilimpigia Redio simu. Makamu mkuu wa shule amempigia mwanafunzi kumwomba filamu aliyomkataza kutazama. Amekuja na wenzake wawili, filamu iko kwenye kidude cha kuchomeka kwenye televisheni. Wakakaa chini kwenye mkeka, Baba juu yao kwenye kiti, Shangazi akawa anagawa chai.

Masikio ametua salama.

Redio alikuwa wa mwisho kuondoka. Aliosha vikombe vyote, akavikausha kimoja kimoja, kisha akaniuliza kama wakati wa likizo anaweza kuja siku mojamoja. Nimemwambia aje hata kama umeme haupo.

Ijumaa, 24 Mei

Shule imefungwa. Mvua nayo imepungua, leo ni manyunyu tu. Kaka amefika na gari kubwa na sanduku jipya la Baba, limeandikwa jina kabisa.

Baba alimpokea vizuri. "Karibu, fundi," akamwambia, na Kaka, aliyekuwa amefungua mikono amkumbatie, akaishia kumpa mkono.

Saa yao ikafika. Kaka alisimama nyuma ya kiti, funguo za gari mkononi, uso wa mtu anayengoja foleni isogee. Masikio alipojificha na kanzu ya mpishi nikamsikia Kaka akipumua kwa pua. Alipoitwa "mwana wa mwalimu wa dansi" na kuulizwa aonyeshe hatua moja tu, Kaka akacheka, akaziba mdomo, akakaa. Pale Masikio alipoteleza kwenye paa, Baba akainuka. Nilitaka kusema, nikajizuia. Nilimtazama Kaka.

Kaka akamshika mkono. "Hajaumia, Baba," akasema. "Nadhani hajaumia."

"Umeona?" Baba akamwambia Kaka, Masikio aliposimama. "Amesimama."

"Nimeona."

Tukatoka barazani wakati Shangazi anamnywesha dawa. Kaka alikuwa anageuzageuza zile funguo.

"Unajua kwa nini nilikuwa nang'ang'ania?" akasema bila kunitazama. "Wewe uko naye kila siku. Niliona atanisahau mimi kwanza. Na leo kaniita fundi."

"Mimi ananiita mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

Hakujua. Sikuwa nimemwambia, na yeye alikuwa anadhani mimi ndiye ninayejulikana. Tulisimama pale, watu wazima wawili ambao baba yao anawafahamu kwa kazi zao tu, halafu, Mungu atusamehe, tukaanza kucheka. Yeye kwanza.

Tumeafikiana hivi: Baba atakwenda kwa Kaka wakati wa likizo, pamoja na Shangazi na filamu. Shule ikifunguliwa atarudi kwangu. Muuguzi wa Kaka atakuja naye, ili Shangazi aweze kuanua nguo bila roho mkononi. Kaka alitaka tuandike. Nikamwambia hatuna haja.

Tuliporudi ndani tamasha lilikuwa linaanza. Tukakaa mmoja kila upande wa Baba. Mwalimu mkuu akapanda jukwaani, watoto wakashangilia, na Baba akageuka. Akamtazama Kaka, akanitazama mimi, kwa zamu, kama mtu anayehesabu abiria.

"Ninyi wawili mnanitazama mimi," akasema. "Tazameni filamu. Inaisha vizuri."

Kaka akaniangalia. "Umewahi kuiona, Baba?"

"Sijawahi."

"Sasa umejuaje itaisha vizuri?"

Baba akamtazama Kaka kama mtu asiyeelewa jambo jepesi.

"Ingekuwa inaisha vibaya," akasema, "wanangu wangenikalisha hapa niitazame?"